Mwanao akisema "masela wangu"

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye surua, na bado kuna wanaodaiwa ile chanjo ya miezi 18, mnajijua. Leo kadi ya kliniki tunaiacha mezani, tutoke kidogo mtaani.

Sababu ni kwamba hapa Isikizya kuna akina mama wananiletea maneno badala ya wagonjwa. Mama anakaa kwenye kiti, namuuliza shida nini, anasema mwenyewe mzima, ila kuna neno mtoto wake analitumia na usingizi umekata. Mmoja alikuja amefura kabisa: "Nesi, huyu kijana wangu ana mtoto!" Kijana ana miaka 15. Amejuaje? Amemsikia kwenye simu usiku anasema, "Mwanangu, mi nipo geto, njoo na ile hela."

Jamani. Nilicheka mpaka nikashika meza. "Mwanangu" kwa vijana wa sasa ni rafiki. Wakiwa wengi ni "wana". Na "geto" ni chumba cha kupanga cha kijana asiyeoa, godoro chini, spika moja, sufuria mbili. Mama alishusha pumzi, akataka kuondoka. Nikamwambia subiri kwanza mama, kaa. Hilo la mtoto limeisha, ila bado kuna geto la nani, na hela ya nini. Hapo ndo kazi ilipo.

Tuanze na masela, maana ndilo mnaloliogopa zaidi. Wengine wanadhani ni dawa ya kulevya. Msela ni mshikaji, kijana wa mtaani anayejitafutia. Wanaochunguza lugha wanasema limetoka kwenye neno la Kiingereza la baharia. Fikiria, sisi huku bahari hatuna, tuna bwawa la Igombe, lakini kila mtaa una masela. Cha kuchekesha, miaka ya karibuni vijana wakaanza kuitana "mabaharia" kwa Kiswahili chenyewe, yaani neno limezunguka likarudi palepale. Kuna watafiti wawili, Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, mwaka 2006 walitoa kazi kuhusu lugha ya mitaani ya Tanzania wakaambatisha kamusi ya maneno na misemo 1,100. Nusu ya hayo leo kijana akiyasikia atakucheka, atakwambia hayo ni ya kina mshua. Kwa hiyo usijisumbue kukariri. Maneno yanabadilika haraka kuliko saizi ya viatu vya mtoto.

Kijiwe ni jiwe dogo, na ndivyo kilivyoanza: mawe mawili matatu chini ya mwembe, watu wanakaa, wanasubiri kazi au wanasubiri jua lipungue. Kuna kijiwe cha bodaboda, cha kahawa, cha mafundi, cha wapiga debe. Maskani ni hivyo hivyo ila lina uzito zaidi, ni kwenu kwa pili. Ukienda Zanzibar utakuta maskani yana vibao, yana bendera za chama, wazee wanabishana siasa hapo kwa miaka. Genge ndo lina balaa, maana asubuhi unamtuma mtoto gengeni akalete nyanya na kitunguu, jioni redio inasema polisi wamekamata genge. Neno moja, vitu viwili. Na kibanda umiza mnakijua, pale wanapoangalia mpira na filamu, mmebanana kwenye benchi mpaka mgongo unauma.

Sasa nasema hivi, na mnaweza kunibishia: kijana kukaa kijiweni sio ugonjwa. Kijana wa miaka 16 asiye na kundi lolote ndo mimi ananitia wasiwasi zaidi. Swali sio kama ana kijiwe. Swali ni nani mkubwa pale, hela inatoka wapi, na mwenzao akiumwa wanafanya nini. Hayo matatu yanakwambia zaidi kuliko jina.

Wala majina haya hayakuanza na simu. Sisi tunaishi kwenye ile njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Unyanyembe mpaka Ujiji. Karne ya 19 hapa palijaa vijana wasio na kwao: wametoroka mizigo, wamekimbia utumwa, vita vimewaacha bila wazazi. Mirambo aliwakusanya, Nyungu ya Mawe naye akawakusanya, wakaitwa rugaruga. Waliogopwa kweli kweli, walivaa nguo nyekundu, walivuta bangi, walipewa bunduki. Watemi wote wawili walikufa mwaka 1884, lakini jina likabaki, mpaka Wajerumani wakaja kulitumia kwa askari wao wa msaada. Mimi nikisoma habari zao sioni majitu. Naona watoto wakubwa ambao mtu mzima wa kwanza kuwaita mezani alikuwa ameshika bunduki. Njia ile ile ilikuwa na makundi mengine ya vijana, wapagazi wa Kinyamwezi, nao walikuwa na kiongozi wao waliyemwita nyampara. Ndo huyohuyo mnyapara mnayemsikia mpaka leo kwenye vibarua na gerezani. Kijana mmoja angeweza kuwa mpagazi mwaka huu na rugaruga mwaka unaofuata. Ilitegemea nani kamfikia.

Halafu kuna sungusungu. Hawa wadogo zangu mliozaliwa juzi mnawajua kama watu wa doria na michango tu, lakini walianzia huku huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpakani mwa Kahama na Nzega. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, silaha zilizagaa, ng'ombe waliibwa, polisi walikuwa mbali. Wanakijiji wakajiunga, wakashika pinde na filimbi, wakajiita kwa jina la wale sisimizi weusi wanaouma. Mwaka 1989 Bunge likawapa nafasi kwenye sheria ya mgambo. Wamesaidia sana, hilo hakuna Mnyamwezi wala Msukuma atakayelikataa. Ila ukimkuta bibi aliyewahi kufukuzwa kijijini enzi hizo kwa kuitwa mchawi, kisa macho yake mekundu, atakusimulia upande mwingine. Na macho mekundu, niwakumbushe, huletwa na moshi wa kuni miaka 50.

Hapo ndipo nilipotaka kufika: jina. Mwaka 2015 Dar es Salaam ilikimbia hovyo usiku kwa hofu ya Panya Road, na mwaka 2022 vijana wa jina hilohilo wakarudi tena, wakavamia nyumba za watu, wakaua. Wengi walikuwa na umri wa watoto wetu. Ni jambo la kweli, sio hadithi. Lakini jina likapanda basi likaja mikoani, na huku likaanza kuvalishwa kila kijana mwenye nywele za rangi.

Nimewahi kushona kichwa cha kijana wa miaka 17, nyuzi nyingi, na sikio nusu limening'inia. Hakuiba kitu. Alikuwa anapita na wenzake wanne saa tatu usiku wakitoka kuangalia mpira, wanaimba, mama mmoja dirishani akasema, "Hao panya road hao." Mwingine akapokea. Mtu wa tatu akapiga yowe. Wanne walikimbia, huyu aliteleza. Wakati namshona aliniuliza kitu kimoja tu: "Sista, kwani mi nilifanana na nani?" Mama yake alikuwa amekaa chini mlangoni, kitenge kimelowa damu, haongei. Yule mama wa dirishani namfahamu, ni mteja wangu wa kliniki, mtu mwema, hata kuku hawezi kumchinja. Hakumgusa yule kijana. Alisema neno.

Kwa hiyo mkinisikia nakemea mama anayemwita mtoto wa jirani "muhuni" foleni ya kupima uzito, msinione nina kiherehere. Mimi ndiye ninayeshika sindano.

Turudi nyumbani. Mtoto anapoleta neno jipya, wengi wetu tunampiga kofi la mdomo. "Unaongea kama wahuni!" Basi, kesho atakuongelesha Kiswahili cha shule, cha heshima, na hutajua chochote tena. Neno la mtaani ni kama homa. Homa yenyewe sio ugonjwa, inakuonyesha pa kutafuta. Ukiishusha bila kutafuta, umejifariji tu.

Mfano. Mtoto akisema "mkeka umechanika", hazungumzii mkeka wa bibi. Amebeti, amepoteza. Uliza kwa upole hela alitoa wapi, na huenda ukagundua ile ada ya tuisheni haikufika. Akitaja "sigara kubwa", "ndumu" au "cha Arusha", hiyo ni bangi. "Kiroba" mnakikumbuka, kile kipakiti cha pombe kali. Serikali ilikipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, watu wakahamia kwenye vichupa vidogo, na bei ya kumfikia mtoto wa shule ikabaki palepale. Ukisikia "arosto", hapo usingoje, hiyo ni hali ya mtu aliyekosa dawa za kulevya mwili unazidai. Mlete tumwone, na umlete bila kumfunga kamba, tafadhali.

Kuna maneno ambayo nayasikia mimi, nyinyi hamuyasikii, kwa sababu mama akitoka nje mlango ukifungwa ndipo yanapotoka. Kijana mmoja alikuja na mama yake, nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Mama akasema ana homa na tumbo. Kijana anaangalia sakafu. Nikamwomba mama atusubiri kwenye benchi. Alipotoka tu: "Sista, nina gono." Kisonono. Siku tisa anakojoa kama anakojoa pilipili, na wenzake wa kijiweni walikuwa wameshampa vidonge vya kununua, rangi mbili, viwili viwili. Nilimtibu ipasavyo, nikamwomba amlete na binti. Aliniuliza, "Nikimleta mtamtangaza?" Hapana, hatumtangazi. Siku ya tatu alimleta, kwa baiskeli, binti kajifunika kanga mpaka puani.

Kwa nini nawaambia hili nyinyi wenye watoto wachanga? Kwa sababu kisonono kwa msichana mara nyingi hakionyeshi dalili, kinakaa kimya kinaharibu mirija, na akija kujifungua nacho, mtoto anaweza kutoka na macho yanayochuruzika usaha mpaka akapofuka. Ile dawa ya macho tunayompaka mtoto mara tu akizaliwa, mnayouliza kila siku ni ya nini, ni kwa ajili hiyo.

Neno jingine ni "miwaya". "Kakanyaga miwaya" maana yake amepata VVU. Enzi hizo wanalitunga watu walikuwa wanakufa kweli, kama waliokanyaga umeme. Leo dawa zipo, mtu anameza, anaishi, anazaa mtoto asiye na virusi. Lakini neno limebaki na kifo ndani yake, na kijana akilisikia linasemwa kwa kucheka kijiweni, hapimi. Sheria ilibadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila kuomba ruhusa ya mzazi. Muulize tu kama anajua hilo. Usimuulize kama amepima.

Na wasichana, maana tumekaa sana kwa wavulana kana kwamba wasichana hawana kijiwe. Wanacho, ni kisimani, saluni, na kwenye simu. Huko neno ni "P2". Ni vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo, vinafanya kazi vizuri ukivimeza mapema, ndani ya saa 72. Havitoi mimba iliyokwisha kuingia, na havizuii gono wala miwaya. Ukikuta kipakiti kwenye mfuko wa sketi ya shule, najua mkono utatangulia. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 uliikuta Tabora na wasichana 43 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au wana mimba, wakati kitaifa ilikuwa 27. Kipakiti kile kinakwambia binti yako alikuwa anajaribu kutokuwemo kwenye hao 43. Anza kuongea kutoka hapo.

Na sisi wenyewe? Tuna vijiwe vyetu, tusijifanye. Mchezo, upatu, kikoba. Kikoba nacho kina hadithi nzuri: mradi ulikuja na kifupisho cha Kiingereza, VICOBA, benki za jamii vijijini, sisi tukasikia vikoba, tukasema basi kimoja ni kikoba, kifuko kidogo cha kuwekea akiba, na kikaenea hivyo. Kinalea watoto kikiwa na watu wanaojuana. Nimeona kikoba kinalipa nauli ya mama kwenda Kitete, hospitali ya mkoa, kabla hata mume hajapata taarifa.

Ila kuna kile cha pili mlichokiita wenyewe "kausha damu". Hakuna daktari angeweza kukipatia jina zuri zaidi. Mkopo wa haraka, riba kubwa, marejesho kila wiki au kila siku, na ukishindwa wenzako haohao wa kikundi wanakuja kubeba godoro, sufuria, mpaka ndoo. Mimi nakijua kwa njia yangu. Nikivuta kope la chini la mama mjamzito na kukuta jeupe kama karatasi, namuuliza FEFO anameza? Anameza. Anakula nini? Anazungusha. Mayai anauza, maziwa anauza, dagaa wanaliwa na watoto. Na kliniki kwa nini hukuja mwezi jana? "Nesi, ilikuwa siku ya rejesho." Nimeisikia hiyo mara nyingi kiasi kwamba sasa naiuliza mwenyewe kabla ya malaria.

Ipo ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Ina mlolongo, ina katiba ya kikundi, ina kusubiri, siwezi kuwadanganya. Lakini makao makuu ya Uyui yako hapahapa Isikizya, afisa maendeleo ya jamii mnapishana naye sokoni. Muulizeni. Na msiwaache vijana wa kijiweni, nne yao nao ipo pale, wengi hawajui hata pa kuingilia.

Nimalizie na kijiwe kimoja cha bodaboda, sitakitaja. Wana sare ya chama, wana spika inayotusumbua wote, na mwezi mmoja uliopita kuna mama alisema mbele yangu kwamba wangefukuzwa pale wote. Usiku mmoja wa masika alikuja mama anatoka damu baada ya kujifungua nyumbani. Kaletwa kwenye pikipiki, katikati, dereva mbele, mwenzake nyuma amemkumbatia asianguke, na wa tatu nyuma yao na pikipiki nyingine kabeba mtoto ndani ya koti lake, zipu imefungwa mpaka juu. Mtoto alikuwa wa moto kama mkate. Wakati tunahangaika na mama, wale wawili walikaa nje kwenye mvua, hawakuondoka. Tulipompa rufaa, mmoja akanifuata akauliza kama damu yake inafaa. Jina lao la mtaani siwezi kuliandika hapa, lina tusi ndani.

Lakini jamani, pikipiki sio gari la mama anayetoka damu. Kuna m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Unapiga 115, bure, wanakutafutia gari la wagonjwa au dereva wa karibu waliyemsajili. Iandike ukutani kwa mkaa, maana simu huishiwa chaji usiku. Na siku ukipita pale kijiweni, wapeni na wao hiyo namba.

Wiki ijayo tunarudi kwenye surua. Wanaodaiwa wanajijua.